Dalali amebeba charahani yangu uzi ukiwa kwenye sindano. Hiyo sheria iko kitabu gani?

#1 Charahani_Moja

Wadau hamjambo. Mimi ni fundi wa nguo, nimekodi kachumba kwenye eksibisheni moja (jengo la vibanda vingi vya biashara) ya huku chini Nairobi, upande wa River Road. Kodi ni 18,000 kwa mwezi, na kabla ya kupewa ufunguo nililipa gudwili, pesa ya kuachiwa chumba, ambayo hadi leo nikiikumbuka kichwa kinaniuma. Mkataba wa maandishi hakuna, ni meseji za M-Pesa tu. Januari na Februari huwa tunakula vizuri kwa sababu ya sare za shule. Baada ya hapo mambo yakakauka, nikabaki na deni la miezi 2. Hilo silikatai.

Alhamisi saa nne asubuhi kijana ninayemfunza kazi ameketi anashona kola. Wakaingia wanaume 4 na dalali wa mnada wa landlodi, ameshika karatasi. Akamwambia kijana aondoe mguu kwenye kanyagio. Kijana akadhani ni mzaha, akaendelea. Basi wakainyanyua charahani vile vile, shati linaning'inia, uzi bado umepita kwenye tundu la sindano, bobini ikadondoka na kubingirika hadi kwa jirani. Wakarudi wakachukua ovaloki. Wakarudi tena wakachukua mfuko wa vitenge vya wateja na sare za kwaya vipande 14 zilizotakiwa kanisani Jumapili.

Nilimuuliza dalali anatumia sheria gani. "Sheria ya kodi." Iko wapi? Akacheka, akaniambia nikamuulize wakili wangu, kana kwamba nina wakili. Usiku nimeipekua Katiba yote. Haina charahani. Mwenye kujua anionyeshe hiyo sheria imeandikwa wapi na aliyeitunga ni nani.

#2 Jirani_Kariokor

Pole sana. Ila kodi ni kodi, ndugu. Landlodi naye anadaiwa na benki.

#3 Mzalendo_Halisi

Mleta uzi, sheria hutungwa na Bunge, basi. Soma kifungu cha 94 cha Katiba: hakuna mtu wala chombo kingine kinachoweza kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, isipokuwa kimepewa mamlaka hayo na Katiba yenyewe au na sheria. Mswada unasomwa, Rais anatia saini, unachapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Kama dalali hawezi kukuonyesha ukurasa, huyo ni mwizi. Nenda polisi ukaandikishe.

#4 Karani_wa_Faili

Mzalendo, akienda polisi ataambiwa hayo ni madai, nenda kortini, na atakuwa amepoteza nauli.

Niseme mapema kwamba mimi si wakili. Ni karani katika ofisi ya mawakili, mwaka wa 11 sasa. Kazi yangu ni faili, tarehe za kesi na kutafuta hukumu za zamani. Ninachokijua nimekiokota nikipiga chapa maneno ya wenye shahada.

Fundi, sheria unayoitafuta ipo. Ni ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, ya tangu enzi za mkoloni, na Bunge letu limeiacha ikae. Fungua kifungu cha 3. Utatarajia kikwambie dalali aje vipi na abebe nini. Wapi! Kinasema anayedai kodi atakuwa na njia ile ile ya kukamata mali ambayo mtu hupewa na komon loo ya Uingereza katika hali kama hiyo. Siku ya kwanza kukisoma nilidhani ukurasa umekatwa. Yaani kitabu cha sheria cha Kenya kinakunyooshea kidole: nenda kaulize London.

Na London ukifika hupewi kitabu. Komon loo haikuketiwa na bunge lolote. Tangu siku za mfalme Henry II, karne ya 12, majaji wa mfalme walikuwa wakizunguka nchi wakisikiza ugomvi wa watu: ng'ombe wa huyu kala shamba la yule, huyu kakopa hajalipa. Jaji akaamua, akatoa sababu. Ugomvi wa namna hiyo ulipotokea kwingine, jaji wa pili akauliza mwenzangu aliamuaje? Miaka mia kadhaa ya maamuzi yaliyofuatana ndiyo sheria yenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua dalali anaruhusiwa kubeba nini, inabidi pia utafute mtu aliyewahi kubebewa.

Na yuko. Kesi inaitwa Simpson dhidi ya Hartopp, mwaka 1744. Mali iliyogombewa ni mtambo wa kufuma soksi. Mfumaji alikuwa ameukodi kwa wiki, akawa na deni la kodi ya nyumba, wakaja kuukamata wakati mwanagenzi wake ameketi anaufanyia kazi. Mnaona? Mwanagenzi ameketi! Majaji wakasema kifaa ambacho mtu anakitumia saa hiyo hiyo hakikamatwi, hata kama ndani hamna kitu kingine. Ukiruhusu watu wapokonyane vitu mikononi, mtavuna ngumi. Kifaa cha kazi kilichotulia tu pembeni, hicho huweza kuchukuliwa endapo vitu vingine havitoshi deni.

Katika hukumu hiyo hiyo vilitajwa vitu ambavyo mtu amepelekewa ili avifanyie kazi yake ya kila siku: farasi aliye kwa mhunzi, na kitambaa kilicho kwa fundi wa kushona. Havikamatwi kwa deni la fundi, kwa sababu ni vya watu. Vitenge vyako na sare za kwaya hizo.

Charahani unayotumia, mtambo wa soksi. Sijatunga, nimeketi hapa nacheka peke yangu.

#5 Mzalendo_Halisi

Soksi za 1744? Wazee wetu walikwenda msituni ili tuje tuhukumiwe kwa soksi za Mwingereza? Karani, hebu kuwa serious kidogo.

#6 Mwanafunzi_Parklands

Niko mwaka wa tatu wa sheria, hili tulichapwa nalo kwenye mtihani. Lango lenyewe la komon loo kuingia Kenya ni kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Kinaweka ngazi. Juu kabisa Katiba. Chini yake sheria zilizoandikwa, yaani za Bunge, za kaunti, na kanuni ambazo mawaziri hutunga kwa ruhusa ya Bunge. Pale ambapo hizo hazifiki ndipo unashuka kwenye komon loo, kanuni za insafu (equity, za kulainisha ukali wa komon loo), na sheria za jumla za bunge la Uingereza zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897. Mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imeridhia nayo iko ndani, kwa kifungu cha 2 cha Katiba.

Kuna sharti ambalo watu husahau: hayo ya Uingereza yanatumika kadiri tu hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Kwa hiyo jaji wa korti za Milimani, Nairobi, anaweza kabisa kuitazama soksi akasema hii kwetu haivaliki.

Ubishi mmoja hauishi darasani: tarehe hiyo ya 1897 inafunga vyote vitatu, au inafunga zile sheria za jumla za bunge la Uingereza tu? Mhadhiri wetu alituacha na swali, akaenda kunywa chai.

#7 Karani_wa_Faili

Asante mwanafunzi. Tarehe 12 Agosti 1897 hainiishi utamu. Siku hiyo Nairobi haikuwapo! Reli ilifika hapa 1899, kabla ya hapo palikuwa maji baridi na nyasi za Wamaasai. Lakini fundi wa River Road akikamatiwa mali leo, mawakili wanapima kwa saa iliyosimama siku hiyo.

Na Mzalendo, hili halitakufurahisha. Hiyo Sura ya 8 ni ya 1967. Uhuru ulikuwa na miaka 3 na miezi kadhaa, Bunge ni letu, bendera ni yetu, nao wakaamua vitu hivi vibaki. Mimi siwalaumu. Ungefuta yote usiku mmoja, asubuhi mtu akigongwa na gari angeshtaki kwa sheria gani?

#8 MamaWawili_Umoja

Nilikuwa nasoma kimya lakini hapo kwa sheria za jumla za Uingereza mmenigusa. Mnajua sisi wanawake tulikuwa tukigawana nyumba kwa sheria gani? Ya Uingereza ya mwaka 1882, ya mali za wanawake walioolewa. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1971 kwamba inatumika Kenya kwa sababu ni ya kabla ya 1897, na Bunge halikuwa limetunga ya kwetu. Mtu ananunua ploti Kayole, ndoa inavunjika, jaji anafungua sheria ya Malkia Victoria.

Ikaendelea hivyo. Wengine walikuwa wanapata nusu kwa sababu jaji amekubali kwamba kupika, kulea na kulima ni mchango. Halafu 2007 Mahakama ya Rufaa, kwenye kesi ya Echaria, ikasema hapana, mchango wa kazi za nyumbani kwa sheria hiyo hauhesabiki, ila majaji wenyewe wakalalamika kwamba Bunge limelala. Dadangu alikuwa na kesi wakati huo. Siku moja ana nusu ya nyumba, siku ya pili wakili wake anamwambia mambo yamebadilika huko juu. Hakuna mbunge aliyepiga kura hapo katikati. Bunge likaja kuamka 2013, likatunga Sheria ya Mali ya Wanandoa na kuifukuza ile ya 1882. Na hata hiyo ya 2013, Mahakama ya Juu ilibidi itueleze Januari 2023 kwamba usawa katika ndoa haumaanishi kila mtu achukue nusu moja kwa moja. Unapimwa mchango, wa pesa na usio wa pesa.

Kwa hiyo nani alitunga sheria ya nyumba ya dadangu? Mimi nilishaacha kuuliza.

#9 Ja_Siaya

Mmeongea Uingereza hadi mmesahau kwetu. Kifungu hicho hicho cha 3 cha Sura ya 8 kinasema korti ziongozwe na mila za Waafrika katika kesi za madai zinazowahusu, ilimradi mila hiyo haipingani na haki na maadili wala na sheria iliyoandikwa. Siku hizi pia isivunje Katiba.

Wenye mvi wanakumbuka S.M. Otieno. Wakili mkubwa wa Nairobi, maisha yake yote ni komon loo, akafariki Desemba 1986. Mkewe Wambui anataka kumzika Ngong, ukoo wa Umira Kager unasema mwana wetu atarudi Nyalgunga. Wakili Khaminwa upande wa mjane, wakili Kwach upande wa ukoo. Nilikuwa mtoto, lakini nyumbani redio ilizimwa tu kubadilisha betri. Mahakama ya Rufaa ikasema Mjaluo hajivui mila yake ya mazishi kwa sababu ya kuishi mjini na kusoma vitabu vya Kizungu. Akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi 5 baadaye. Hadi leo wakigombania maiti hutaja kesi hiyo. Mila ya wazee wetu ilikuwa mdomoni tu, ikaingia kwenye hukumu, sasa ina namba ya kesi.

#10 Pwani_Ndani

Na sisi tuna Kadhi. Ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu, pande zote mbili zikikubali kwenda kwake. Nayo ni sheria ya Kenya, imo kwenye Katiba. Endeleeni.

#11 Mzalendo_Halisi

Sawa, nakubali kuna mengi. Lakini swali langu halijajibiwa. Mbunge nilimpigia kura. Jaji nilimpigia wapi? Akiamka vibaya anatunga sheria?

#12 Karani_wa_Faili

Swali zuri, na mimi nililiuliza mwaka wangu wa kwanza ofisini, nikaambiwa nipeleke faili.

Jaji haamki akatunga. Kwanza anangoja wawili wagombane na mmoja alete kesi. Jambo ambalo hakuna aliyelishtakia hawezi kuligusa. Pili, hawezi kukuundia kosa la jinai, kifungo lazima kitokane na sheria iliyokuwapo ulipotenda. Tatu, ana wakubwa. Mahakama ya Juu ikishasema, korti zote nyingine zinafungwa, hilo ni kifungu cha 163 cha Katiba. Mahakama ya Rufaa inaifunga Mahakama Kuu na walio chini. Jaji wa Mahakama Kuu na mwenzake wa chumba cha pili hawafungani, ndiyo maana unaweza kukuta hukumu mbili za wiki moja zikitazamana kama paka. Hakimu uamuzi wake haumfungi yeyote zaidi ya waliokuja mbele yake. Na Bunge likichukizwa na hukumu linaweza kutunga sheria ya kuifuta, mradi isigongane na Katiba.

Lakini kinachofunga ni nini hasa? Hapa ndipo watu huumia, hata mawakili. Hukumu inaweza kuwa kurasa 80, na kinachofunga ni ile sababu iliyomfikisha jaji kwenye uamuzi, kwa ugomvi ule uliokuwa mbele yake. Mengine ni maneno ya kando, ya kupendeza tu.

Mfano niliouona kwa macho. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, kesi ya Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kutazama mazingira, ni kinyume cha Katiba. Kesi ilikuwa ya mauaji. Magereza yakasikia "hukumu ya kifo ya lazima imeondolewa". Waliohukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu wakamiminika kortini, maombi mengine yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, na majaji wengi wakakubali kuwahukumu upya. Ofisini tulikuwa na mafaili hadi chini ya meza. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasimama ikasema: sisi tulizungumzia mauaji peke yake, makosa mengine leteni kesi yake. Miaka mitatu na nusu watu walikuwa wakitembea na sentensi moja waliyoikata kutoka kwenye hukumu.

Na ukitaka kuona sheria ya majaji kila siku, panda matatu. Wajibu wa dereva kutokuumiza kwa uzembe, ule unaodaiwa fidia, mzizi wake ni wa majaji. Mawakili wetu bado hutaja kesi ya Donoghue ya 1932: mama mmoja huko Paisley, Scotland, alikunywa soda ya tangawizi mwaka 1928, akadai ikatoka konokono, na Lord Atkin akauliza, jirani yangu katika sheria ni nani? Ni kila mtu ambaye natakiwa kumfikiria kwamba nikizembea ataumia. Hiyo ni ya baada ya 1897, hivyo kama tarehe inafunga komon loo pia, haikuja na lile lango la Mwanafunzi. Ilikuja kwa sababu majaji wetu waliisoma wakaona ina akili. Konokono wa 1928 analipia miguu ya watu Thika Road.

#13 Charahani_Moja

Nimesoma yote mara mbili. Kwa hiyo niende nikamwambie dalali kuhusu soksi?

#14 Karani_wa_Faili

Usimwambie dalali kitu. Sikiliza.

Hukuwa na mkataba wa maandishi na hicho ni chumba cha biashara, kwa hiyo upangaji wako unaangukia Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa majengo ya biashara. Hapo landlodi hawezi kukutoa ila kwa kufuata sheria hiyo, na notisi yake haianzi kufanya kazi kabla ya miezi 2. Kuna jopo maalumu la kodi za majengo ya biashara, na miongoni mwa mamlaka yake ni kuruhusu ukamataji mali. Uliza kama ruhusa iliombwa. Sura ya 293 nayo ina vifungu vyake juu ya kinachokamatwa na kisichokamatwa, tafuta wakili avisome nawe, wapo wanaosaidia bila malipo.

Andika leo, kabla hujasahau: saa, majina, nani aliona, bobini ilibingirika hadi kwa nani. Huyo jirani ni shahidi. Kijana aandike kwa mkono wake kwamba alikuwa anashona. Kila mteja mwenye kitenge aandike kwamba ni chake. Dai lako linasimama kwenye mguu wa kijana kuwa kwenye kanyagio. Charahani ingekuwa imefunikwa, tungekuwa tunaongea mengine. Na deni anza kulilipa, hata kidogo kidogo, ukiweka risiti.

Jambo moja la mwisho, na Mzalendo ukae chini kwanza. Waingereza wenyewe walitunga sheria mwaka 2007 ya kuiua haki hiyo ya landlodi ya komon loo, na tangu Aprili 2014 kwao haipo tena. Waliweka utaratibu mwingine ulioandikwa, tena kwa majengo ya biashara pekee. Kifungu chetu cha 3 cha Sura ya 293 bado kinanyoosha kidole kule kule.

#15 Mzalendo_Halisi

Nimekaa.

#16 Mwanafunzi_Parklands

Na hapo ndipo lile swali la mhadhiri linauma. Tunaelekezwa kwa komon loo kama ilivyokuwa, au kama ilivyo leo? Kama ni ya leo, dalali hana kitu cha kusimamia.

#17 Karani_wa_Faili

Mwanafunzi, ukimaliza shule uje uiseme hiyo kortini. Mtu lazima aanze.

#18 Charahani_Moja

Wadau, nimerudi baada ya wiki 3. Nilipata wakili wa kujitolea, tukaenda kwa jopo, wakatoa amri ya muda mali isiuzwe hadi kesi isikizwe. Vitenge na sare za kwaya zimerudishwa, zote 14, mbili zina alama ya grisi. Charahani bado iko kwenye yadi ya dalali. Nilikwenda kuiangalia: sindano imevunjika, lakini uzi bado uko pale pale. Wakili amepiga picha. Nimelipa mwezi mmoja wa deni, landlodi amepokea bila kusema neno. Jaribuni kupita eksibisheni, kuna charahani ya kuazima na kijana ameketi hapo tangu asubuhi, hata chakula cha mchana anakula mguu ukiwa kwenye kanyagio.